Nesi, mtu anayetoka kwenye unga unaongea naye vipi mpaka akwambie ukweli

Hii nawaandikia manesi wenzangu, hasa nyie mnaopangiwa kitengo cha waraibu kwa mara ya kwanza mkitokea wodi ya wazazi au upasuaji, unafika pale unakabidhiwa rejista na funguo za kabati la methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa wanaoacha heroini, yaani unga, alafu hamna anayekuelekeza hawa watu wanaongeleshwaje. Chuoni tulikariri kusikiliza kwa makini, kutohukumu, kuonyesha kujali, mtihani tukafaulu. Ila dirishani asubuhi, foleni imefika mpaka getini na kijana kaja macho yamelegea anakwambia "sista niko fresh, nipe dozi niwahi mwaloni", yaani soko la samaki ziwani, zile noti hazikusaidii sana.

Mimi maongezi yote na mgonjwa wa namna hii nayapima kwa swali moja tu: kesho ataniambia ukweli au atanidanganya? Sio kwamba nataka kupendwa. Methadoni sio panado. Mtu aliyeshinda na gongo, au aliyemeza valiamu, vile vidonge vya kutuliza, za kuombaomba, au aliyevuta kete ya unga alfajiri, ukimmiminia dozi yake kamili juu ya hivyo vitu upumuaji unashuka taratibu, anaenda kulala nyumbani na haamki. Vipimo vya mkojo vipo, lakini havifanyiki kila asubuhi kwa kila mtu na havikwambii kanywa kiasi gani na saa ngapi. Kinachokwambia ni mdomo wake mwenyewe. Kwahiyo mgonjwa anayekuogopa atadanganya, na ule uongo wake unaingia kwenye kikombe ambacho wewe ndo umemshikisha.

Kwa asiyejua, matibabu ya methadoni kwa Tanzania yalianzia Muhimbili 2011, yakasambaa mikoani, huku kwetu Mwanza kliniki ipo hospitali ya Sekou Toure. Ni bure, mgonjwa anakuja kila siku anakunywa mbele yako, anaongea kidogo na kunywa maji uone kameza, anaondoka. Hiyo kila siku ndo bahati yetu. Hamna nesi wa wodi nyingine anayeonana na mgonjwa yule yule kila asubuhi kwa miezi, hata miaka. Dakika mbili kila siku ukizitumia vizuri zinashinda lisaa limoja la ushauri nasaha mara moja kwa mwezi.

Anzia kwenye salamu, na usiichukulie poa

Neno teja lifie nje ya geti. Na sio kwako tu, mlinzi, dada wa usafi, kijana wa masijala, wote. Unaweza ukawa na ulimi wa asali lakini kama mlinzi anamwambia "nyie mateja pangeni mstari huku", mgonjwa anakufikia dirishani kashajifunga. Kaa na mlinzi, mweleze, mpe na heshima yake, wengi wanabadilika wakiona na wao wanahesabiwa kwenye timu.

Muite jina lake. Kijana anakuita sista, na wewe muite kaka fulani au mdogo wangu kama umri unaruhusu. Mzee akija, hata kama kavaa ndala zilizokatika na shati limekakamaa kwa jasho, ni shikamoo. Usiruke hiyo. Mzee wa unga mtaani kwake watoto wanamrushia mawe, hajasikia shikamoo mda mrefu, nimeona watu wakisimama wima kabisa kwa sababu ya shikamoo ya nesi mdogo. Na mama wa Kisukuma aliyemleta mwanae kutoka Magu au Kwimba ukimwambia "mwangaluka mayu" hata kama hapo ndo Kisukuma chako kimeishia, atakaa mkao mwingine.

Alafu siku ya kwanza kabisa mweleze unaandika nini na nani anasoma. Wengi wanaamini rejista yetu inaenda polisi. Wana sababu zao, wameshakimbizwa sana. Mwambie hivi: "Haya unayonieleza yanakaa kwenye faili lako, yanasomwa na wanaokutibu. Polisi hawaji kuchukua faili hapa ili wakukamate. Ila ukiniambia unataka kujiua au kumdhuru mtu, hiyo sitakaa nayo peke yangu, nitamwita daktari." Sema na hiyo sehemu ya pili hapo hapo mwanzoni. Ukiificha alafu siku moja ukaitumia, umemmaliza.

Mtu akiwa kwenye arosto usimhubirie

Anayeanza anakuja na arosto yake, yale mateso ya mwili kudai unga: makamasi, machozi, miayo isiyoisha, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata, miguu haitulii, mboni za macho zimetanuka. Heroini inakaa mwilini masaa manne mpaka sita hivi alafu mwili unaanza kudai, na kilele cha mateso ni siku ya pili na ya tatu. Hapo kichwa chake hakina nafasi ya somo la maisha. Ongea sentensi fupi, sauti ya chini, kitu kimoja kimoja. "Kaa hapa." "Maji haya." "Najua mifupa inauma." Unanyamaza.

Kitu kimoja lazima akisikie siku hizo, na urudie kila siku mpaka akiimbe: dozi ya kuanzia ni ndogo makusudi. Tunaanza kwenye miligramu 20 mpaka 30 na kupanda polepole, kwa sababu methadoni inajikusanya mwilini, ya leo inaikuta ya jana bado ipo. Mgonjwa hajui hilo, anachojua ni kwamba kanywa na bado anaumwa, kwahiyo anaona tunambania, anapita maskani kuongezea, na hapo ndo watu wanapotea. Wiki mbili za mwanzo ndo za hatari kuliko zote. Mwambie bila kuzungusha: "Leo haitakushika vizuri, na kesho pia. Ukiongezea unga juu yake unaweza usiamke. Ikikuzidi nguvu rudi hapa tukuone, usiende kule." Umemwambia ukweli kabla haujatokea, na yakitokea hivyo hivyo anajua neno lako linaaminika.

Maneno ya "vumilia, si ulianza mwenyewe" yaache. Hayana kazi yoyote kliniki.

Maongezi yenyewe yanaendaje

Ukimuuliza "umetumia jana?" jibu ni hapana. Siku zote ni hapana, hata kama sindano bado iko mfukoni. Swali la ndiyo au hapana linampa mlango wa kutokea. Angalia hili, ni mfano tu ila ukikaa dirishani utausikia kila wiki:

Nesi: Za tangu jana kaka?
Mgonjwa: Safi sista.
Nesi: Usiku ulikuaje?
Mgonjwa: Aa, kawaida tu.
Nesi: Kawaida ya kulala au kawaida ya kugeuka geuka?
Mgonjwa: (anacheka) Ya kugeuka. Saa tisa nikatoka nje.
Nesi: Ukatoka nje.
(kimya)
Mgonjwa: Nikaenda mpaka maskani. Sikuchukua lakini. Nilivuta bangi tu na wana, nikarudi.
Nesi: Ulifika mpaka pale, wenzako wapo, mzigo upo, ukarudi bila kuchukua. Ulifanyaje?

Angalia nesi kafanya nini. Karudisha maneno mawili ya mgonjwa, "ukatoka nje", alafu kanyamaza. Hajauliza kwanini, maana ukiuliza kwanini anaanza kujitetea, ukiuliza ilikuaje anaanza kusimulia. Na bangi imetajwa ila hakuirukia! Hapa ndo manesi wengi tunaharibu, tunasikia bangi tunaanza "si tulikwambia", na habari kubwa ya usiku ule imetupita, kwamba mtu kafika mlangoni kwa muuzaji akageuza. Swali la "ulifanyaje" linamfanya asikie mwenyewe kwamba ana uwezo, tena kwa mdomo wake. Bangi utairudia kesho au keshokutwa, haikimbii, na unaiandika.

Wanaosomea mambo haya wanaiita mahojiano ya kuhamasisha, mwanasaikolojia wa Marekani William Miller ndo alianza kuiandika 1983 kutokana na kazi yake na watu wenye shida ya pombe. Kiini chake kwa lugha yetu ni kwamba mraibu tayari ana watu wawili ndani yake, mmoja anataka kuacha na mwingine hataki. Wewe ukishika upande wa kuacha kwa nguvu, yeye anabaki na upande mmoja tu wa kutetea. Ukimwambia "unga utakuua" anakwambia babu yake kavuta tumbaku mpaka miaka tisini. Kwahiyo mwachie yeye aseme za kuacha. Muulize "kutoka sifuri mpaka kumi, hamu ya kuacha iko ngapi leo?" akisema nne, usimwambie ni ndogo. Mwambie "imekuaje ikawa nne, sio moja?" na hapo ndo atakutajia mtoto wake, mguu wenye kidonda, mama yake wa Buzuruga ambaye hajamfungulia mlango tangu Krismasi. Hizo sababu zishike kama zilivyo, na neno lake lile lile utamrudishia siku anayumba.

Kimya nacho ni dawa japo sisi tuna haraka. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo kidogo kabla hujajaza. Wengi wetu tunaogopa ukimya tunaanza kutoa mawaidha.

Vidonda pia vinaongeleka. Mtu wa mwaloni wa Kirumba mikono yake ina mikato ya mapezi ya sangara, ya visu, ya nyavu, na mwingine kwenye huo huo mkono ana jipu la sindano. Usimshike mkono ukasema "umejidunga tena eh". Muulize "hiki kimeanza lini, na hiki?" huku unakisafisha. Mikono yako ikiwa na kazi na macho yako yako kwenye kidonda, sio usoni kwake, anaongea zaidi. Mimi nikitaka habari ngumu nasubiri mda wa kufunga kidonda.

Muulize lini anaingia ziwani

Hii hutaikuta kwenye kitabu chochote cha uuguzi ila kwa Mwanza ni swali la kitabibu kabisa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikikaa wavuvi wanapumzika. Maana yake mgonjwa wako anayevua ana kalenda yake, na haifanani na ya kliniki. Giza likianza anaondoka, anakaa kambi visiwani huko Ukerewe, Ukara au Kome, na kisiwani hamna methadoni. Mbalamwezi ikija yuko mjini, ana hela mfukoni, hana kazi ya kufanya usiku na wana wanamjua. Kila mwezi ana hatari mbili tofauti, ya kukosa dozi na ya kuwa na hela.

Kwahiyo wiki moja kabla muulize "giza linaanza lini, utaenda au utabaki?" kwa sauti ya kawaida kama unavyoulizia bei ya dagaa. Ukisubiri mpaka apotee alafu ukampokea kwa "ulikuwa wapi siku zote hizo, unadhani hii kliniki ya baba yako?" basi mara nyingine akikosa siku nne atasema kakosa moja. Na hapo ndo pabaya. Mtu akikosa kama siku tatu mfululizo mwili unaanza kusahau, ile dozi aliyokuwa anaimudu inaweza kumzidi, inabidi daktari amuone kwanza na kuna uwezekano ishushwe, siku zikizidi hapo anaweza hata kuanza upya. Yeye anajua kwamba ukweli utamshushia dozi. Wewe kazi yako ni kumfanya aone kwamba kushushiwa sio adhabu: "Siku ngapi hukunywa? Nataka namba ya kweli kwa sababu ya mapafu yako, hatukukati dozi kukukomoa. Tukianza chini tunapanda tena."

Na nauli. Uliza nauli. Mtu wa Sengerema zamani alikuwa anasingizia kivuko, na mara nyingi ilikuwa kweli, sasa Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025 foleni ya kivuko haipo lakini nauli ya kwenda na kurudi kila siku iko pale pale. Anaona aibu kusema hana mia mbili wala mia tano, anaona bora aonekane mkorofi. Ukimuuliza "kufika hapa leo umekujaje?" utajua mengi, kuna watu wanatembea kutoka Igoma.

Anaposema dozi hainishiki

Sentensi hii inagawanya manesi. Wa kwanza anasikia anataka stimu. Wa pili anachukua kalamu na kuuliza. Kuwa wa pili.

Tuseme mgonjwa alikuwa ametulia kwenye miligramu 80, ghafla wiki mbili hizi analalamika usiku anatokwa jasho, miayo, miguu. Muulize "inaanza kukuachia saa ngapi?", "kuna dawa nyingine yoyote umeanza, hospitali, duka la dawa, hata kwa mganga?" Mara nyingi unakuta kaanzishwa dawa za TB. Rifampisini inafanya ini litoe methadoni haraka mno, dozi ile ile inakuwa kama nusu, arosto inarudi kweli kabisa, mgonjwa hadanganyi. Nevirapini na efavirenzi kwenye ARV nazo zinafanya hivyo hivyo. Wapo walioacha dawa za TB kimya kimya kwa sababu wamegundua wenyewe zinawaharibia methadoni, na wengine walirudi kwenye unga ili waweze kuendelea na TB. Yote mawili yanazuilika kwa swali dogo na sura isiyo na dharau. Unampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo dozi iangaliwe, na unamwambia mgonjwa "uko sahihi, hii sio kichwa chako". Hiyo "uko sahihi" kwake ina thamani, huwa hawaambiwi. Na siku anamaliza dawa za TB dozi iangaliwe tena, maana itaanza kumzidi.

Wapo wanaotaka tu kuongezewa, ndiyo, hamna anayekataa. Lakini hata yule maswali ni yale yale, na majibu ndo yatakuonyesha.

Akirudia unga

Atarudia. Sio wote, ila wengi angalau mara moja, na mgonjwa anayekwambia mwenyewe kabla hujagundua amekupa zawadi, ipokee. Sentensi ya kwanza mdomoni kwako iwe "umefanya vizuri kuniambia". Alafu unauliza kanywa, kavuta au kajidunga, kiasi gani, saa ngapi, na alikuwa na nani, kwa sababu ya usalama wa dozi ya leo. Mengine kama ugomvi wa nyumbani, msiba, mshahara, yatakuja yenyewe.

Aliyekaa safi kwa mda mrefu, au aliyetoka gerezani, au soba hausi, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu waache, huyo mpe onyo la waziwazi hata kama unaona unamfundisha kutumia. Humfundishi. Mwambie mwili wake sasa ni mgeni, kile kipimo alichokuwa anavuta zamani leo kinaweza kumuua. Asitumie peke yake, asichanganye na pombe wala vidonge, na mwenzake akimuona anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, haamki, wampeleke hospitali haraka, ipo sindano ya naloksoni ya kumrudisha. Nimesikia watu wakisema ukimwambia hivyo unampa ruhusa. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliyekufa hapati nafasi ya kuacha.

Kipimo cha mkojo kikionyesha heroini na yeye anakataa, usimkaange mbele ya watu. Pembeni, mlango umerudishwa: "Kipimo kimeonyesha heroini. Sikuiti muongo. Tuongee dozi ya leo kwanza, hayo mengine ukiwa tayari." Usiseme mkojo wako mchafu, sema kimeonyesha nini, basi.

Kusema hapana

Upole haimaanishi kuburuzwa. Atakuomba namba ya simu, hela ya chai, umpe dozi aende nayo, umruhusu kuruka foleni kwa sababu jana ulicheka naye vizuri. Jibu moja fupi, sababu moja, bila hasira: "Hapana kaka, dozi inanyweka hapa hapa. Najua safari ni kesho, twende kwa daktari tuone." Usitoe sababu tano, kila sababu ni mlango wa mabishano. Na mkubaliane wote kitengoni, maana nesi mmoja akilegeza wa pili anaonekana mchawi, na mgonjwa anajua haraka sana nani yuko shifti lini.

Akipandisha hasira usishindane naye sauti. Simama pembeni kidogo, sio uso kwa uso, mlango uwe wazi nyuma yako, mikono ionekane, shusha sauti yako mpaka alazimike kunyamaza ili akusikie. "Naona umekasirika, nataka nijue imetokana na nini." Ikishindikana toka, ita wenzako. Ushujaa haupo kwenye orodha ya kazi zetu.

Aliyekuja amelewa pombe anasubirishwa au hapewi dozi kulingana na daktari, na unamwambia hivyo hivyo bila kumsimanga: "Leo unanuka pombe, nikikupa sasa naweza kukuua. Kaa pale, tutakupima tena." Na mtu wa gongo kila siku akiacha ghafla anaanza kutetemeka, kuona vitu ambavyo havipo, kupata degedege, huyo sio wa maongezi tena, ni dharura.

Mama, mke na wengine wa nyumbani

Mama atakuuliza "sasa nesi, mnamwachisha unga mnampa unga wa serikali?" Usicheke na usikasirike, ni swali zuri. Mweleze kwamba heroini inapanda na kushuka ndani ya masaa machache, ndo maana mwanae alikuwa anaiba sufuria asubuhi na redio jioni. Methadoni inakaa zaidi ya siku nzima bila kumpandisha, anaweza kuamka, kupaa samaki, kulala. Ni dawa ya mda mrefu, kwa wengine miaka, na kumkatisha haraka ndo kumrudisha kule. Muelekeze nyumbani afanye nini: asimwite kwa majina ya zamani, asimpekue kila akirudi, akiona anasinzia kupita kawaida aje.

Lakini habari za mgonjwa ni za mgonjwa. Mama akikubana "ametumia tena eh?" mwambie utamuita mwanae mkae wote watatu aseme mwenyewe. Kuhusu majibu ya HIV hata kwa mke hutoi wewe, unamsaidia mgonjwa ajiandae kusema.

Wanawake wanakuja wachache na wanaondoka haraka, foleni yenyewe imejaa wanaume, wengine ndo waliokuwa wakiwauzia. Wape mda wao au kona yao. Na kuna jambo la kuwaambia mapema: unga huwa unavuruga hedhi, wengi wanaamini hawazai tena, wakianza methadoni na kula vizuri hedhi inarudi na mimba inaingia kabla hata hawajaiona hiyo hedhi. Uliza "unataka mtoto sasa hivi au bado?" badala ya kuwapa mhadhara wa uzazi wa mpango. Mjamzito mwambie asiache methadoni ghafla, kuacha ghafla ndo kunakomhatarisha mtoto, na kunyonyesha kwa kawaida kunaruhusiwa, ila asikie kwa daktari wake.

Anayesema kaombewa kanisani Nyakato na sasa amepona, usimkatishe. "Sala iendelee, na dozi iendelee, tukitaka kuishusha tunaishusha pamoja na daktari." Wa mganga vile vile, ila hapo uliza kapewa kunywa nini.

Na ukiona mtu kanyamaza siku tatu, hataki utani, anagawa vitu vyake, muulize wazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mahali pa kulitua. Akisema ndiyo usimwache peke yake, mwite daktari hapo hapo.

Andika alivyosema yeye

Mwisho wa shifti unaandika, na mwenzako wa kesho atamsalimia mgonjwa kutokana na mwandiko wako. Ukiandika "mgonjwa mbishi, amerudia unga, ameonywa" umempa mwenzako ugomvi wa kuanza nao asubuhi. Andika hivi: "Anasema alivuta kete moja Jumamosi usiku baada ya kugombana na baba yake, kasema mwenyewe bila kuulizwa. Leo macho mazima, hanuki pombe, daktari kamuona, kanywa dozi kamili. Ameelezwa hatari ya kuongezea. Giza linaanza Alhamisi, anataka kwenda Ukara na mtumbwi wa mjomba wake, hajaamua. Aulizwe Jumatano. Nauli hana, anatembea kutoka Mabatini."